Ufunguo wa intaneti ukae mfukoni mwa nani?

Tangu intaneti ianze kurudi Novemba 3, 2025, baada ya kuzimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, Oktoba 29, mazungumzo Dar es Salaam yamekwenda upande mmoja. Kaa kijiwe cha kahawa Kariakoo, panda daladala ya Mbagala, subiri zamu yako saluni Sinza, utasikia hitimisho lilelile: yaliyotukuta yametokana na serikali kuwa na mkono kwenye intaneti, hivyo dawa ni kuunyofoa mkono huo, kazi yote waachiwe wenye mitaji, na mwenye uwezo afunge dishi la setilaiti juu ya bati. Hasira hiyo naielewa. Nami nilikaa siku zile nikisikia milio mitaani, jiji likiwa chini ya amri ya kutotembea usiku, nisijue ndugu zangu wa mikoani wako salama au la. Watu walikufa, na ndugu waliokuwa wakitafutana hawakuwa na pa kuulizia. Ila hitimisho lenyewe halifuati kutoka kwenye tukio. Walionyamaza siku ile hawakuwa shirika la serikali peke yake. Laini za kampuni zenye wanahisa Afrika Kusini, India na Vietnam zilinyamaza pamoja na laini ya TTCL. Kampuni kuwa mali ya watu binafsi hakukumwokoa mteja hata mmoja.

Kwa hiyo nitasema jambo ambalo kwa sasa halipendezi masikioni: intaneti yetu inahitaji umma zaidi, na tulichokiona Oktoba ni upungufu wake. Nyaya, masafa na njia kuu vinapaswa kuwa mali ya umma kuliko vilivyo leo. Majukwaa yabanwe na sheria ya umma kwenye fedha na kwenye milango ya kuingilia na kutokea, lakini sheria hiyo isiguse kauli za watu. Na uwezo wa kuzima uondoke kwenye ofisi za watendaji uende mahakamani. Mambo haya matatu hayafanani, na kuyachanganya ndiko kunakotufanya tubishane bila kufika popote.

Lawama nyingine iende kwa lugha yenyewe. Tunasema shirika la umma, mtumishi wa umma, fedha za umma, na mara zote kichwani tunamwona bosi wa serikali. Neno umma limemezwa na neno serikali mpaka hatuoni tena tofauti. Chukua Barabara ya Morogoro. Inatunzwa na TANROADS, imejengwa kwa kodi na mikopo tutakayoilipa sote, lakini hakuna meneja anayeweza kuamka akaamua kwamba wiki hii watu wa Kimara wasipite. (Misafara ya wakubwa hutusimamisha, hilo kila mwenye daladala analijua, lakini msafara ukipita njia hufunguliwa.) Hiyo ni mali ya umma yenye mtunzaji. Intaneti yetu haiko hivyo. Ina mtunzaji ambaye pia ndiye mwenye kufuli, na ufunguo hauna daftari la kuandikia nani aliuchukua, saa ngapi, na kwa idhini ya nani.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu wengi wanajadili kana kwamba umma ndio kwanza unabisha hodi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tuliunda Shirika la Posta na Simu, nalo likatawala peke yake mpaka lilipogawanywa mwaka 1994 na TTCL ikazaliwa. Mwaka 2001 asilimia 35 ya TTCL ilikwenda kwa wabia wa nje, MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Hisa hizo zikapita mikono kadhaa hadi serikali ilipozinunua tena mwaka 2016, na mwaka uliofuata sheria mpya ikaigeuza TTCL kuwa shirika kamili la umma. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, EASSy ukafuata mwaka 2010, na serikali ikaanza kutandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo wa China, ule unaofika mikoani na kuvuka mipaka ya majirani. Kwa makubaliano ya mwaka 2019 serikali ilifikisha asilimia 49 ya Airtel Tanzania. Vodacom nayo iliuza asilimia 25 ya hisa zake katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017 kwa sababu sheria ilizitaka kampuni za simu zifanye hivyo. Anayeuliza kama umma uingie au usiingie amechelewa miaka mingi. Uko ndani, umelipa, ila hauna sauti.

Jambo la kuuliza ni kama umiliki ndio unaoamua intaneti izimwe au isizimwe. Ushahidi unasema hapana. Januari 2011 Misri ilizima intaneti, na Vodafone, kampuni yenye makao Uingereza, ilitii kama wengine. Ethiopia, iliyokuwa na kampuni moja tu ya simu, tena ya serikali, iliikatia Tigray mawasiliano vita vilipoanza Novemba 2020. Mmoja mmiliki binafsi, mwingine dola, na matokeo yakawa yaleyale, kwa sababu amri haipitii kwenye hisa, inapitia kwenye leseni. Kila kampuni inaendesha minara kwa masafa iliyopewa na mamlaka, na mamlaka iliyotoa inaweza kuondoa. Mkurugenzi akiwekewa mezani chaguo la kuwatetea wateja wake kwa siku tano au kupoteza leseni ya miaka mingi, hafikirii mara mbili. Wala simlaumu sana. Nailaumu sheria inayomwacha peke yake kwenye chumba hicho, bila jaji wa kumkimbilia.

Kuna kuzimika kwingine ambako wapenzi wa soko hawakutaji. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hakukuwa na waziri, hakukuwa na amri, ila mtandao ulikwama. Mkongo wa akiba unaokaa bila kazi mpaka siku ya balaa ni hasara kwenye vitabu vya kampuni, na ni bima kwenye vitabu vya taifa. Mwanahisa hakubali kugharimia bima ya taifa, na hana kosa. Kazi hiyo ni ya umma, sawa na kujenga daraja la pili kabla la kwanza halijabomoka.

Tena intaneti si anasa ya vijana wa Masaki. Takwimu za mwaka 2025 za TCRA, mamlaka ya kudhibiti mawasiliano, zilihesabu laini za intaneti zaidi ya milioni 50. Laini si watu, wengi wetu tuna mbili au tatu, lakini ukubwa wenyewe unaonekana. Serikali yenyewe ndiyo iliyotusukuma huko. Mwenye duka analazimika kutoa risiti ya EFD, na mashine hiyo hutuma taarifa TRA kwa mtandao. Mwanafunzi anaomba mkopo wa chuo mtandaoni. Leseni ya biashara inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI, kampuni inasajiliwa BRELA kwenye kompyuta, na ada karibu yoyote ya serikali inadai kontroo namba. Huwezi kumlazimisha mtu apite mlango mmoja, halafu ukauhesabu mlango huo kuwa hisani unayoweza kuifunga.

Sasa tuwasikilize wanaosema soko liachwe. Hoja yao nzito ni historia. Mzee mmoja wa kijiweni kwetu, mstaafu wa Posta na Simu, hukiri mwenyewe kwamba zama zao mtu aliweza kuomba simu ya mezani mtoto akiwa tumboni, ikafungwa mtoto akiwa shule. Simu za mkononi zilizoanza mwaka 1994 na ushindani uliofuata ndivyo vilivyomweka mama wa Tandale na mwenye ghorofa Upanga kwenye mtandao mmoja. Hilo halipingiki, na yeyote anayetaka turudi kwenye shirika moja lenye dirisha moja la huduma hajawahi kupanga foleni mbele ya dirisha hilo.

Hoja yao dhaifu ni kwamba ushindani utafika kila mahali ukipewa muda. Kama ingekuwa hivyo, mwaka 2006 Bunge lisingetunga sheria ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao kazi yake ni kuzilipa kampuni ruzuku zipeleke minara mahali ambapo hesabu ya biashara inakataa. Soko lilifika penye watu wengi na barabara nzuri, kisha likageuka kutuangalia. Jumapili kijijini bado kuna mtu anapanda kichuguu kutafuta mtandao.

Dishi la setilaiti nalo limekuwa kama hirizi. "Mzee wangu, hayo ya serikali tumeyachoka. Dishi juu ya bati, kwisha habari," kijana fundi simu alimwambia mstaafu wetu wiki chache baada ya uchaguzi. Mzee akasogeza kikombe chake. "Mwanangu, na dishi likizimwa utampigia nani?" Hakujibiwa, na swali lilikuwa la maana kuliko mzaha wake. Huduma ya setilaiti inauzwa kihalali nchi kwa nchi, kwa leseni, ikimaanisha amri ileile ina mlango uleule wa kuingilia. Na hata pasipo serikali kuna mwenye swichi. Mwaka 2022 Elon Musk alikataa kuiwasha Starlink, huduma yake ya intaneti ya setilaiti, karibu na Crimea wakati wa vita vya Ukraine, na baadaye alikiri hadharani. Unaweza kuona uamuzi wake ulikuwa wa busara au wa hovyo. Kwa mteja, ufunguo ulikuwa umehama mfuko tu, tena mfuko wa mtu ambaye hatumpigii kura na mahakama zetu hazimfikii.

Hapa msomaji makini wa jiji hili atanikamata kwa maji. Atasema: tulishajaribu huo mpango wako, mabomba ya umma na mwendeshaji binafsi. Kweli. City Water ilipewa mkataba wa miaka 10, ikaanza kazi Agosti 2003, mabomba yakiendelea kuwa ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba. Tumeonja hilo kwa ndoo kichwani. Lakini tazama bomba lenyewe. Maji ya kampuni mbili hayawezi kupita bomba moja yakafika kwa wateja wawili tofauti, kwa hiyo aliyekodishwa bomba alikuwa mfalme, na mkazi wa Kinondoni hakuwa na pa kuhamia. Uzi wa mkongo ni kitu kingine kabisa: kampuni 20 zinaweza kukodi njia moja na kushindana juu yake. Jiji la Stockholm lililifanyia kazi hilo tangu mwaka 1994 kwa kampuni yake ya Stokab, inayotandaza nyuzi na kumkodisha kila mwenye kuhitaji, yenyewe isiuze intaneti kwa mkazi yeyote. Hapo ndipo Mkongo wa Taifa ulipopinda kwetu. Unaendeshwa na TTCL, ambayo pia inauza bando. Mwenye barabara ana basi lake barabarani, na wenye mabasi mengine wanamlipa yeye.

Kumfanya mwenye njia awe mmoja pekee kisheria nako ni mtego. Rwanda iliipa kampuni moja, iliyoundwa kwa ubia na KT ya Korea Kusini, haki ya pekee ya kuuza 4G kwa jumla, kampuni za simu zinunue kwake. Haki hiyo ilipangwa idumu miaka 25. Haikufika hata nusu. Mwaka 2023 MTN Rwanda ilishapewa leseni ya 4G yake yenyewe. Ninachopendekeza kwa Dar es Salaam na mikoa ni njia ya umma iliyo wazi kwa wote kwa bei iliyobandikwa hadharani, isiyouza rejareja, na isiyomkataza mwingine kuchimba mtaro wake.

Upande wa pili wapo wanaotaka serikali idhibiti kila kitu, majukwaa yakiwemo. Nao wana hoja nzito ambayo wanaharakati huidharau. Facebook ilipoletwa hapa bure kupitia Tigo mwaka 2014, kwa mpango wa Internet.org, watu wengi walikutana na kampuni moja kabla ya kukutana na intaneti. India iliuona mtego huo, na Februari 2016 mdhibiti wake akakataza bei za upendeleo za namna hiyo. Sisi tulishukuru kwa bure. Leo nani aone tangazo la mama lishe wa Buguruni, nani asilione, kunaamuliwa na hesabu za kompyuta ambazo hatuna haki hata ya kuuliza zinavyofanya kazi. Uhuru wa taifa ni neno lililochakaa kwa kutumiwa vibaya, lakini hapa lina maana.

Kilicho dhaifu upande huo ni hoja ya maadili. Mtandao wa X ulifungiwa hapa nchini Mei 2025, na waziri mwenye dhamana akataja maudhui ya ngono. Ni kweli jukwaa hilo liliruhusu maudhui ya namna hiyo mwaka 2024. Lakini huwezi kufunga Barabara ya Uhuru kwa sababu kuna gesti bubu mtaa wa tatu. Kilichofuata kinajulikana na kila mwenye simu: watu walipanda VPN, programu za kukwepa ufungiaji, ingawa tangu Oktoba 2023 TCRA ilishataka matumizi hayo yatolewe taarifa. Kijana aliyetaka picha chafu alizipata kama kawaida. Aliyekosa ni mtu mzima asiyejua VPN, aliyekuwa akifuata habari za hali ya hewa na bei za mazao. Hata kanuni za maudhui za mwaka 2018, zilizomtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 ili aanze kihalali, hazikusafisha matusi mtandaoni. Ziliwanyamazisha wenye anwani zinazojulikana, ambao kwa kawaida ndio wastaarabu.

Udhibiti wa majukwaa unaofaa tumeuona hapahapa Dar, ingawa hatukuuelewa. Uber ilianza jijini mwaka 2016. Mwaka 2022 LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, ilipanga nauli na kuweka kikomo cha kamisheni, asilimia 15. Katikati ya Aprili kampuni ikasitisha huduma. Mapema 2023 kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, na asilimia 3 ya ada ya kuitia gari juu yake, na kampuni ikarudi. Wafanyabiashara walisema: mnaona, mdhibiti amefukuza wawekezaji. Madereva wakasema: mnaona, beberu katunisha msuli na serikali imesalimu amri. Mimi naona mdhibiti alishika mkia wa ng'ombe akadhani ameshika kamba. Alishika bei, akaacha daftari. Nguvu ya jukwaa juu ya dereva haitokani na asilimia 15 au 25. Inatokana na kwamba nyota alizopewa na abiria kwa miaka mitano, historia ya safari zake, sifa yake yote ya kazi, vimefungwa ndani ya programu ya mtu mwingine. Akihama anaanza upya kama mgeni wa jiji.

Linganisha na simu. Tangu Machi 1, 2017 mteja anaweza kuhama kampuni akabaki na namba yake. Kuanzia mwaka 2014 kampuni za simu zilianza kukubaliana pesa ivuke mtandao mmoja kwenda mwingine, Vodacom ikaingia mwaka 2016, na leo hakuna anayekumbuka kwamba kulikuwa na wakati ambapo pesa ya mtandao mmoja haikuweza kuingia moja kwa moja kwenye pochi ya mwingine. Hakuna kampuni iliyotaifishwa, wala hakuna ujumbe wa mtu uliosomwa. Mlango ulifunguliwa, na kampuni ikalazimika kumbakiza mteja kwa huduma. Dereva wa Bolt, muuza mitumba wa Instagram na mpishi wa keki anayepokea oda kwa WhatsApp wanastahili kilekile: haki ya kisheria ya kuondoka na wateja wao na sifa yao. Kampuni ikitishia kuondoka kwa sababu ya sharti hilo, itaondoka ikiwa imeacha daftari.

Limebaki la ufunguo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa, na haki ya kupewa taarifa za matukio muhimu. Serikali yoyote itasema uhuru huo una mipaka, na ni kweli. Katiba yenyewe ina ibara ya mipaka. Kinachobishaniwa ni nani anayeipima mipaka hiyo. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe iliamua kwamba waziri aliyeamuru intaneti izimwe hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Mahakama ya Juu ya India, Januari 2020, katika shauri la Kashmir, ilisema amri za kuzima intaneti zitangazwe hadharani na haziwezi kuwa za muda usiojulikana. Juni mwaka huohuo Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliikuta Togo na hatia kwa kuzima mtandao mwaka 2017. Serikali ya India haijaacha kuzima, sitadanganya. Ila anayezima kule anajua kuna karatasi yenye jina lake.

Nasi tuanze na karatasi. Amri yoyote ya kuzima au kufungia iwe ya maandishi, ipelekwe kwa jaji wa Mahakama Kuu kabla haijatekelezwa, ichapishwe ndani ya saa 24, ife yenyewe baada ya saa 48 kama jaji hajaihuisha, na kampuni isiadhibiwe kwa kuisubiri. TCRA, ambayo wakuu wake huteuliwa na serikali ileile inayotaka kuzima, iendelee kugawa masafa na kukagua ubora, lakini isiwe na ufunguo.

Na kuna deni dogo la siku zile ambalo hakuna aliyelizungumzia. Jirani yangu mpika keki alikuwa amejiunga bando la wiki siku mbili kabla ya uchaguzi. Liliisha muda wake bila kutumika, oda zake za wikiendi zikaoza kwenye friji, na alipopiga huduma kwa wateja aliambiwa muda wa bando ukipita haurudi. Sheria hiyo mpya ikiandikwa, iwe na kifungu kimoja cha ziada: kila siku ya kuzimwa iongezwe kwenye bando la mteja, na aliyetoa amri ndiye ailipe kampuni.